Mkono wa Albano

Mwisho wa muhula, steshenari ile ya Mwenge iliyo ng'ambo ya soko la vinyago huwa haina adabu. Wanafunzi wa chuo wanajaa mpaka barazani, kila mtu na flashi yake mkononi, kila mtu anaapa kuwa tasnifu yake inatakiwa leo hii. Mashine zinaunguruma, karatasi zinatoka za moto kama maandazi, na mama mwenye duka anapokea hela huku anabana kurasa huku anagombana. Katika vurugu hiyo Eufrazia alipewa furushi lake, akalikumbatia, akajipenyeza hadi kwenye ngazi za nje apate kulikagua.

Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa kiunoni, nywele kasuka twende kilioni, kalamu nyekundu kaichomeka nyuma ya sikio. Hiyo kalamu ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa mhariri wa Mkole Vitabu, kampuni ndogo ya uchapishaji pale Kinondoni, na furushi lile lilikuwa prufu, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, ya kitabu cha sarufi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Alifunua. Sura ya vitenzi ipo. Akafunua tena, na pale yalipotakiwa kuanza marejeo akakutana na kiboko.

Kiboko jike, kafunga khanga kifuani, kainamia beseni la nguo. Mashavu kayavimbisha kama shangazi aliyeambiwa wageni wameingia na sufuria bado halijainjikwa. Mikono yake ilikuwa ya binadamu: vidole vinene, vimekunjamana kwa maji, kidole gumba kimepinda kidogo kwa kukamua mashuka ya watu. Eufrazia alicheka kwa sauti hadi wanafunzi wakageuka.

"Sista, unacheka na mie nahangaika kutafuta mali yangu?"

Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwembamba, fulana nyeusi, vumbi la mpingo limemkaa kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na karatasi mbili tatu.

"Kumbe kiboko ni wako?"

"Wangu. Na hii ndiyo yako, bila shaka. Nimesoma mstari mmoja nikahisi homa." Akainua karatasi. "Eti 'kitenzi kishirikishi kipungufu.' Maskini, kapungukiwa nini?"

"Kapungukiwa viambishi."

"Basi tuko wawili. Hata mie nimepungukiwa."

"Umepungukiwa nini?"

"Namba yako ya simu."

Eufrazia alikusudia kukasirika. Akajikuta anaitaja namba, tena taratibu, asije akaikosea.

Jina lake Albano. Baba yake, Mmakonde wa Newala, alikuja na kundi la wachongaji, akazeeka na kufia Mwenge. Albano alirithi meza na patasi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye penseli. Alichora wanyama wenye tabia za watu wa mtaani, akatoa kopi, akaziuza kwenye shule za chekechea za Sinza na Kijitonyama, watoto wakapaka rangi. Mikono ya kiboko ilikuwa ya mama yake, aliyemlea kwa kufua nguo za watu nyumba kwa nyumba.

Eufrazia alipompelekea bosi wake mchoro ule, Mudathir aliuangalia muda mrefu, akatoa leso, akajifuta kipara. "Huyu mleteni," alisema.

Mudathir alikuwa mtu mpole, aliyeingia kwenye vitabu kwa kuvipenda. Alichapisha vya chuo, vya sarufi na historia na uchumi, vilivyosifiwa mikutanoni. Lakini darasa zima lilinunua kitabu kimoja, wengine wakatoa kopi. Sasa alikuwa ameshika wazo jipya la kuinusuru kampuni: mfululizo wa vitabu vya picha kwa watoto wanaoanza kusoma. Eufrazia aandike maneno, Albano achore. Cha kwanza kikaitwa *Kiboko Mama Fua*.

Walikifanyia kazi kwenye uwanja wa nyuma wa soko la vinyago. Eufrazia alisoma kwa sauti, akiigiza kiboko, akiigiza mwenye nguo, akiigiza hata sabuni. Albano alichora, akafuta, akachora.

"Soma tena pale anapokohoa."

"Nimekohoa mara ngapi leo, Albano? Watu watadhani naumwa."

"Unaumwa. Unaumwa mie."

"Hiyo sentensi haijakamilika. Naumwa na wewe, au naumwa kwa ajili yako?"

"Ona, Bi Nukta! Mtu anakutongoza, wewe unasahihisha."

Jina hilo likamganda. Albano alipompigia simu asubuhi, kabla hata hajasema habari, alianza, "Bi Nukta wangu, umeamka?" Na alipomtumia ujumbe wenye makosa, Eufrazia aliurudisha umesahihishwa, na chini yake kaongeza moyo mwekundu. Albano akaanza kukosea makusudi.

Kitabu cha kwanza kilipokamilika, Mudathir alikipeleka kwa shirika moja la wafadhili. Wakakipenda. Wakasema wanavitaka vingi, mfululizo mzima, na viwe mezani kabla shule hazijafunguliwa.

"Haiwezekani," Eufrazia alisema. "Albano kitabu kimoja kinamchukua miezi. Mkono hauharakishwi."

Mudathir alifunga mlango wa ofisi, akageuza kompyuta yake imtazame. Ilikuwa programu ya akili mnemba. Unaipa michoro ya mtu, unaiandikia unachotaka, inakutolea kwa mkono wa mtu yule yule, ukurasa baada ya ukurasa, chai haijapoa.

"Ipe michoro yake yote," alisema Mudathir. "Hata ile ya kwenye vipande vya karatasi. Wewe ndiye uliye nayo."

"Nimwambie kwanza."

"Mwambie. Akikataa, wafadhili wanaondoka. Wakiondoka, nafunga. Na *Mama Fua* yake nayo inabaki humo kwenye kompyuta, hakuna mtoto atakayeishika." Akavua miwani. "Eufrazia, mimi sikulazimishi. Nimechoka tu."

Angekuwa mkali ingekuwa rahisi kubishana naye. Alikuwa mzee amechoka, na wafanyakazi wengine walikuwa wanakunywa chai nje ya ule mlango bila kujua lolote.

Alasiri ile Eufrazia alikusudia kusema. Alishaifungua simu, namba ya Albano iko mbele yake, na simu yenyewe ikaanza kulia. Alikuwa yeye.

"Bi Nukta, kaa chini."

"Nimekaa."

"Mama kanunua kitenge cha uzinduzi. Sare, yeye na mie. Kwa fundi keshapeleka. Halafu sikiliza. Nimeongea na anko wangu wa Mbagala. Kakubali kuwa mshenga. Kitabu kikizinduliwa tu, anakwenda kwenu."

Eufrazia aliziba mdomo kwa kiganja.

"Umenyamaza. Nimekosea kisarufi?"

"Hapana, mpenzi. Hapo hujakosea kitu."

"Basi mbona unalia?"

"Nimefurahi."

Kesho yake aliiskani michoro yote, mmoja mmoja, kwa mkono wake mwenyewe. Kiboko akikamua shuka. Kiboko akifuta jasho. Michoro ambayo Albano alimpa yeye kama zawadi, yenye maneno ya mapenzi pembeni, aliikata ile pembe yenye maneno kwanza, akaibakiza michoro. Alijiambia atamweleza jioni. Halafu akajiambia atamweleza Jumapili. Kadiri vitabu vilivyozidi kutoka, ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito, hadi yakawa kama gogo ambalo mtu mmoja hawezi kuliinua.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi mmoja Kinondoni. Mlango ulipambwa kwa maputo, watoto wa shule ya msingi wamekalishwa mbele na sare zao, walimu wa chuo wamealikwa kwa sababu siku hiyo hiyo kile kitabu cha sarufi nacho kilikuwa kinatoka. Albano aliingia na mama yake. Wamevaa kitenge kimoja, cha njano chenye maua ya zambarau. Yeye shati, mama yake gauni na kilemba kirefu. Mama Albano alitembea pole pole, anasalimia kila mtu, anapokea shikamoo kama mama wa bwana harusi.

Eufrazia alikuwa kaahidi nafsi yake kumdaka mlangoni. Lakini Mudathir alimtuma kipaza sauti, na alipogeuka, Albano keshafika mezani.

Aliichukua *Mama Fua*, akaifunua, akampa mama yake ashike. Mama akavigusa vidole vilivyochorwa, akacheka kwa aibu. Kisha Albano akaona vile vingine, vimepangwa hadi mwisho wa meza. *Kiboko Aenda Sokoni. Kiboko Apata Mgeni. Kiboko na Mvua.* Akachukua kimoja. Akachukua cha pili. Uso wake ulionyesha kwanza mshangao wa mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua, anayefanana naye kila kitu. Halafu akaanza kuangalia mikono.

Kwenye ukurasa mmoja kiboko alikuwa na vidole sita. Kwenye mwingine, kidole gumba kilikuwa kimeota upande usio wake. Kwenye jalada la *Mvua* vidole vilikuwa vimeyeyukiana kama mshumaa.

"Albano," Eufrazia alimfikia, pumzi juu. "Twende nje, tafadhali."

"Nani kachora hivi?"

"Twende nje nikueleze."

"Nieleze hapa. Mie nipo, mama yupo. Nani kachora?"

"Kompyuta."

Albano alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshika kile kitabu cha vidole sita na anavilinganisha na vyake, kimya kimya, kama mtu anayedhani labda yeye ndiye hakujua kuhesabu.

"Kompyuta imemjuaje mama yangu?"

Watoto walikuwa wameanza kugawiwa vitabu. Walipiga kelele za furaha, wakafunua, wakaonyeshana. Msichana mmoja mdogo alikumbatia *Kiboko na Mvua* kifuani, akamvuta Albano shati. "Anko, wewe ndo umechora vyote hivi?"

"Hapana, mwanangu."

"Vizuri sana."

"Ee. Vizuri."

Watoto hawakuona tofauti yoyote. Hilo ndilo Eufrazia aliloliona usoni mwa Albano likiingia na kukaa. Vidole sita viliwachekesha tu.

"Ni wewe uliyeipa?" Albano akauliza, sauti imeshuka.

"Ni mimi. Albano, kampuni ilikuwa inafungwa, kitabu chako kingekufa, nilitaka kukwambia kila siku..."

"Na yale niliyokuchorea wewe?"

Eufrazia akainamisha kichwa.

Albano alimshika mama yake mkono, wakatoka na sare zao za njano katikati ya makofi yaliyokuwa yakipigiwa kitabu cha sarufi.

Eufrazia alimpigia simu mpaka sauti ya kampuni ya simu akaichukia. Alimwandikia ujumbe mrefu, kila mkato mahali pake, kila sentensi imenyooka, akaeleza yote bila kujitetea. Ulisomwa. Jibu likaja neno moja tu: *Nukta.*

Juma lililofuata Eufrazia alimwambia Mudathir kuwa anaacha kazi. Mudathir hakumzuia. Vitabu vya watoto vilikuwa vimeagizwa tena, mara mbili ya mwanzo. "Ulikuwa uamuzi wangu," alisema, "lakini wewe ndiye utakayeubeba. Nisamehe." Eufrazia hakuwa na nguvu ya kumsamehe wala ya kumlaumu.

Akarudi kukaa kwa mama yake, Mbagala Kizuiani, akawa anasahihisha tasnifu za wanafunzi mezani jikoni. Mvua za masika zikanyesha, uwanja ukajaa matope, choo cha jirani kikafurika. Siku moja alijikaza akaenda Mwenge. Meza ya Albano ilikuwa tupu. Mchongaji wa meza ya jirani, Ferdinand, aliendelea kusugua kinyago bila kumwangalia.

"Hachongi siku hizi. Hata kuchora hachori. Walimu wa chekechea wanatoa picha kwenye simu, bure. Nani atanunua kopi?"

"Yuko wapi?"

"Aliongelea kwenda Newala, kwenye mikorosho ya babu yake. Kama kaenda, kama hajaenda, mie sijui. Mtu akikata tamaa haagi, dada."

Eufrazia alirudi Mbagala akiwa na hakika kuwa Albano keshaondoka. Aliilaza ile hakika kifuani kama jiwe la kusagia, akaizoea. Mama yake alimwona anakula robo sahani, anacheka vichekesho vya redio akiwa amechelewa, baada ya watu wote kumaliza kucheka. Hakumuuliza. Alizidisha tu nazi kwenye mboga.

Ikawa Jumapili moja, wametoka misa, Eufrazia anaanika nguo uani. Mtu akabisha hodi. Mama yake alikwenda kufungua, na hakurudi kusema ni nani. Alipitiliza jikoni akaanza kugongagonga vyombo kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Albano alikuwa sebuleni. Alikuwa amekonda. Suruali nyeusi ya kitambaa, shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi hadi likawa na makali, viatu vya kamba. Eufrazia hakuwahi kumwona bila vumbi la mpingo. Alionekana kama mtu aliyesafishwa kwa ajili ya picha ya kitambulisho.

"Bi Nukta," alisema.

Eufrazia alikaa. "Nilidhani uko Newala."

"Nilifika Masasi nikageuza. Ningelima nini? Mie nimezaliwa Mwenge." Akaangalia sakafu. "Nilikuchukia sana. Nilikuwa naamka nakuchukia, nalala nakuchukia. Halafu Mudathir akanifuata kwetu, akamwambia mama kuwa uliacha kazi. Wiki ile ile. Hukuniambia."

"Ungeamini?"

"Nisingeamini."

Huko jikoni vyombo vikanyamaza.

"Nakuomba msamaha, Albano. Sina maneno mengine. Yote niliyokuwa nayo nilikuandikia."

"Nilishakusamehe. Ndiyo maana nimekuja." Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro. "Eufrazia, nataka kukuoa. Anko yuko tayari, nikimpigia leo, Jumamosi anakuja. Na sasa hivi siji mikono mitupu. Nina kazi. Ya ajira kabisa, ina bima, mama anatibiwa presha bila kukopa."

"Kazi gani?"

Albano akaiweka mikono juu ya magoti, akaitazama.

"Wanavitaka vitabu vingi zaidi. Na wazazi wamelalamika vidole. Mudathir anataka mtu wa kuvisahihisha. Mashine inachora, mie nakaa nyuma yake narekebisha mikono."

Eufrazia alihisi kitu kikimvunjika ndani, bila kelele, kama yai linavyovunjika ndani ya mfuko. Aliiacha kazi ile ili mkono wa Albano upate heshima. Na mkono wa Albano ulikuwa umekwenda wenyewe, umevaa shati la pasi, umebisha hodi, umeomba kuajiriwa.

"Usikubali," alisema. "Chora vyako. Nitaandika. Tutatafuta mchapishaji mwingine."

"Yupi?"

Alifungua mdomo ataje. Akawapitia wote akilini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alijua tayari anatumia nini.

"Unaona," Albano alisema kwa upole. "Mie nimeshatafuta. Nimewazungukia wote, mchoro wangu mkononi. Mmoja aliniuliza nimetumia programu gani, mbona mzuri hivi. Nikamwambia penseli. Akacheka, akadhani namtania."

"Albano..."

"Angalau nitahakikisha vidole vya mama viko vitano." Alijaribu kutabasamu. Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta. "Mie sijaja kukuomba unionee huruma. Nimekuja kwa sababu vingine vyote nimevipoteza, na wewe bado sijakupoteza. Au nimekupoteza?"

Angeweza kukataa. Angeweza kusema kuwa hawezi kumwona akitoka kila asubuhi kwenda kuipamba ile mashine. Lakini alimtazama, akaona kuwa akisema hivyo atamwondolea kile kidogo kilichobaki. Na alimpenda. Hilo halikuwa limepungua hata chembe, na ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Hujanipoteza," alisema.

"Sema vizuri."

"Nimekubali, Albano. Mwambie anko aje."

Albano akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake. Eufrazia alihamia kando yake, akamshika mkono. Mkono ulikuwa laini. Hakuwahi kuujua ukiwa laini.

"Nyie!" Mama yake alishindwa kuvumilia huko jikoni. "Kuna heri au hakuna? Nipige au nisipige?"

Huko nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo inagonga ukuta wa kisima.

"Piga, mama," Eufrazia alisema mwishowe.

Mama akatoka hadi uani na mwiko mkononi, akapiga vigelegele virefu, peke yake, kwa pumzi yote aliyokuwa ameihifadhi tangu masika. Nyumba ya pili mwanamke akaitikia bila kujua ni heri ya nani. Ya tatu ikaitikia. Vigelegele vikapita juu ya mabati kuelekea Rangi Tatu, na sebuleni wale wawili walikaa wameshikana mikono, kila mmoja anautazama ukuta wake.